Mzigo Usiopimwa na Mizani
Hotuba ya Katibu mstaafu wa chama cha msingi, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Kwanza naishukuru Halmashauri kwa heshima hii ya kusimama mbele yenu leo. Wenzangu waliotangulia kusema wameeleza jinsi Chama chetu kilivyoanza na mizani ya kuazima, na jinsi kilivyofikia kuwa na maghala yake chenyewe. Wameyasema vema, wala sina haja ya kuyarudia. Mimi nimeombwa kusema neno juu ya afya ya wanachama. Ningeweza kuwasomea mambo ya malaria na maji ya kuchemsha, nanyi mngenipigia makofi kwa adabu, kisha tukaenda kula. Lakini nimeomba ruhusa kwa Bwana Mwenyekiti niseme juu ya ugonjwa ambao katika miaka hii kumi haukuandikwa hata mara moja katika kumbukumbu za mikutano yetu, ingawa umetupunguzia magunia mengi ya kahawa, umevunja nyumba, na umetuzikisha watu tuliowapenda. Ugonjwa huo ni sonona. Nasema juu yake kwa sababu niliuugua mimi mwenyewe. Tena niliuugua nikiwa Katibu, ufunguo wa kasha la fedha na ufunguo wa ghala ukiwa mfukoni mwangu.

SONONA NI NINI

Neno lenyewe si geni masikioni mwetu. Mtu aliyepatwa na jambo zito twasema amesononeka. Huzuni ni fungu la kila mwanadamu, na mtu asiyehuzunika kwa kufiwa na mzazi au kwa kupotewa na mavuno ya mwaka mzima, huyo twamshangaa. Lakini huzuni ya namna hiyo ina mwisho. Mtu hulia, hufarijiwa na jirani, matanga huondolewa, naye hurudi kibanjani akashika panga.

Sonona ni jambo jingine. Waganga wa hospitali hawalitaji jina hilo mpaka dalili zimekaa kwa mtu muda wa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, hata zikamzuia kufanya kazi zake. Dalili zenyewe ni hizi: moyo kuwa mzito, au kupoteza kabisa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi kukimbia, au kulala kupita kiasi, kukosa njaa na kukonda, au kula bila kipimo, uchovu usioondoka hata mtu akipumzika, kushindwa kukaza fikira, kujiona hafai na kujilaumu kwa makosa ambayo hakuyatenda, kukata tamaa, na mwisho, kuwaza juu ya kifo. Si lazima mtu awe nazo zote. Tena wengi katika sisi wakulima hawaendi kwa mganga wakasema, "Nina huzuni." Husema kichwa chawaka moto, mgongo wauma, moyo wapiga mbio, tumbo halitulii. Kwa hiyo hupewa dawa ya maumivu, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao.

Mnaujua mnyauko wa kahawa. Mti huanza kwa kugeuka majani kuwa ya manjano, kisha majani hupukutika, na mwenye shamba asiyejua hudhani mti una kiu, akaumwagia maji. Bwana Shamba akija hukwangua ganda la shina, akamwonyesha rangi nyeusi yenye kuelekea samawi iliyomo ndani. Ndipo mwenye shamba hufahamu kwamba mti haukukosa maji. Njia za kupitishia maji ndizo zilizozibwa. Hakuna aliyeuambia mti ule kwamba ni mvivu. Lakini mwenzetu anapokauka mbele ya macho yetu twamwambia ajikaze, aache uvivu, asali zaidi, na akilewa twasema, "Ndiyo hiyo."

Walakini mfano wangu una upungufu, nami lazima niuseme. Mkahawa wenye mnyauko hung'olewa ukachomwa moto, maana hauna dawa. Mtu mwenye sonona hutibiwa, na walio wengi hupata nafuu wakarudi katika kazi zao. Hiyo ndiyo habari niliyoileta leo, na kama mtasahau yote mengine, msiisahau hiyo.

YALIYONIPATA

Mnakumbuka tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016, lililoupiga Mkoa wetu wa Kagera. Nyumba yangu ilipasuka ukuta wa nyuma, tukalala nje na watoto. Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Katika siku zile zote sikuugua. Nilibeba matofali, nikapokea rambirambi, nikaandika daftari la Chama bila kukosa siku. Ugonjwa ulinijia mwaka 2018, wakati nyumba ilikwisha kurudishiwa bati, deni la saruji limekwisha kulipwa, na kila mtu ananipongeza kwa ustahimilivu wangu. Nasema hivi kusudi mfahamu kwamba sonona haingoji msiba uwe mlangoni. Mara nyingine sababu yaonekana. Mara nyingine haionekani kabisa, na mgonjwa huona haya zaidi kwa kuwa hana cha kulalamikia.

Nilianza kuamka saa nane za usiku. Nalala nikitazama bati mpaka jogoo wawika, na asubuhi nainuka kama mtu aliyebeba gunia usiku kucha. Ndizi na maharage, chakula nilichokipenda tangu utoto, nikawa nakila kama mtu anayetimiza amri. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuona. Aliniuliza mara tatu. Mara zote nilimjibu kwamba ni uchovu wa msimu.

Kisha ugonjwa ukaingia ofisini. Naandika jina la mkulima, naandika kilo zake, halafu kalamu inasimama. Hesabu ya tarakimu tatu, ambayo zamani niliifanya huku nikizungumza na watu, ikanishinda. Siku moja ya kupima kahawa, akina mama walikuwa wamepanga mstari tangu alfajiri, mizigo yao chini ya mwembe. Nilitoka nje nikawaambia stakabadhi zimekwisha, warudi juma lijalo. Kitabu kipya cha stakabadhi kilikuwamo katika mtoto wa meza. Sikuweza kukifungua. Wako hapa wale niliowarudisha siku ile na mizigo yao kichwani. Na leo, mbele ya Mkutano huu, nawaomba radhi.

Watu hawakukosa maelezo. Wengine walisema Katibu amekuwa mlevi. Wengine walisema fedha imeliwa, na dhamira inamsuta. Wengine walisema amelogwa na mtu anayeutaka ukatibu. Nami, kwa kukosa njia, niliuza mbuzi nikaenda kuagua, na hali yangu ikabaki vile vile. Katika kikao cha kamati mzee mmoja alisema, "Mvivu mpeni jembe." Sikumchukia. Nilimsadiki. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: humfanya mtu awe shahidi wa mashtaka juu ya nafsi yake, akakubali kila hukumu kabla haijasomwa.

Jioni moja niliingia ghalani kuhesabu dawa za mashamba. Mawazo yaliyonijia mle ndani sitayaeleza. Yatosha kusema kwamba nilitoka, nikafunga mlango, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, nikampa ufunguo mkononi. Nikamwambia, "Mzee, ufunguo huu usikae kwangu."

Mzee yule hakuniuliza neno mbele ya watoto. Aliutia ufunguo mfukoni, akaagiza kahawa ya kutafuna kama kwa mgeni yeyote, akaketi nami. Watu walipokwisha kulala akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umechoka kuishi?" Nikasema, "Ndiyo, mzee." Nilidhani atanikemea, au atanikumbusha watoto wangu, kana kwamba nimewasahau. Akasema tu, "Umefanya vema kuja. Leo utalala hapa. Kesho twende wote."

Ndugu wanachama, wako watu wanaoogopa kuuliza swali lile, wakidhani kumwuliza mtu juu ya kifo ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba kuuliza waziwazi, kwa upole, hakumtii mtu wazo hilo. Bali humfungulia njia ya kusema. Mimi ni shahidi. Swali lile lilikuwa kama mtu aliyenitua mzigo akaushika upande mmoja.

HOSPITALINI

Kwenye zahanati nilipimwa malaria, haikuonekana. Mzee hakukubali turudi nyumbani. Tulipanda basi mpaka hospitali ya wilaya, tukaonana na tabibu kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: je, katika majuma mawili yaliyopita nimekosa hamu au furaha katika kufanya mambo yangu? Na je, nimekuwa na moyo mzito au kukata tamaa? Nilijibu ndiyo kwa yote mawili. Ndipo akaendelea kuuliza juu ya usingizi, chakula, pombe, na juu ya jamaa zangu, kama yuko aliyepata kuugua hivi. Baba yangu mdogo alipata kuugua hivi. Sisi tulimwita mtu wa kununa. Alinipima damu pia, kwa maana yako magonjwa mengine ya mwili, kama upungufu wa damu, kisukari na ugonjwa wa tezi ya shingo, ambayo yaweza kumchosha mtu yakafanana na sonona, au yakaandamana nayo.

Kisha akaniambia jina la ugonjwa wangu, na kwamba una matibabu. Sijui kama alitambua alilolifanya. Kwa miezi mingi nilikuwa mtu mbaya. Kwa neno lile nikawa mgonjwa. Mtu mbaya hana pa kwenda, bali mgonjwa ana hospitali.

Matibabu yalikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa mazungumzo. Kila juma nilikwenda kuketi na mwuguzi aliyefundishwa kazi hiyo, tukachagua taabu moja katika zangu, tukaipasua vipande vidogo, nikapewa kipande kimoja cha kufanya mpaka juma lifuatalo. Kipande cha kwanza kilikuwa kutembea mpaka kisimani na kurudi kila asubuhi. Mtu mzima, Katibu wa chama, nimepewa kazi ya kutembea mpaka kisimani! Lakini nilipoifanya siku saba, niliona kwamba nimetimiza kitu.

Namna ya pili ilikuwa vidonge. Vyangu viliitwa amitriptilini. Wengine hupewa fluoksetini, kwa kadiri tabibu aonavyo. Nataka mfahamu tabia ya dawa hizi, maana wengi huziacha kwa kutojua. Hazifanyi kazi siku ile ile kama dawa ya kichwa. Majuma mawili ya kwanza sikuona faida yo yote, ila kinywa kukauka na usingizi wa asubuhi. Juma la nne nilisikia njaa. Juma la sita nilijumlisha ukurasa mzima wa daftari bila kukosea. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa mlevi wala mtumwa wake. Lakini hazifai kuachwa ghafula. Mimi niliziacha mwezi wa tatu, kwa kuwa nilijiona nimepona, na kabla ya mwezi kwisha giza likarudi. Tabibu hakunikemea. Alinieleza kwamba yafaa kuendelea muda wa miezi tisa hata mwaka mmoja baada ya dalili kwisha, kisha kupunguza polepole kwa shauri lake. Nilitii, na leo mwaniona.

Mkaguzi wa hesabu alipokuja alikuta majuma saba hayakuandikwa sawasawa, lakini shilingi zote zilikuwamo ndani ya kasha. Kamati haikunifukuza. Walimweka kijana wa kunisaidia mpaka nilipopata nguvu. Mzee Mwenyekiti alikaa na ufunguo wa ghala miezi minane. Siku aliyonirudishia hakutoa hotuba.

Sala pia zilinisaidia, na wazee walionijia kunitazama walinisaidia. Sisemi mtu aache dini yake wala wazee wake. Nasema tu kwamba mvunjika mguu huombewa, na mguu hufungwa pia.

KWA NINI TWAFICHA

Sisi wa Kagera tungepaswa kuwa walimu wa wengine katika jambo hili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walionekana katika mkoa wetu. Walio na umri wangu wanakumbuka tulivyonong'ona, tulivyosema ni uchawi, tulivyowaficha wagonjwa vyumba vya nyuma, na tulivyozika. Kunong'ona hakukumponya hata mtu mmoja. Watu walianza kuokoka tulipolitaja jina la ugonjwa kwa sauti, tukapima, tukatumia dawa, na wagonjwa wakasimama mbele za watu wakasema, "Mimi ninaye mdudu huyu, nami naishi." Sonona leo iko pale UKIMWI ulipokuwa zamani, katika vyumba vya nyuma.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wenye sonona ulimwenguni ni zaidi ya milioni 280, na kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati zaidi ya watu watatu katika kila wanne wenye magonjwa ya akili ya namna hii hawapati matibabu yo yote. Wanawake huugua kuliko wanaume, na wengi wao huugua wakati wa mimba au baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua akawa halishi mtoto, hazungumzi, analia bila sababu, msimwambie ana majivuno, mpelekeni kliniki. Wanaume nao huficha zaidi, na wengi huuzamisha ugonjwa katika pombe, ambayo huuongeza.

Tena yako mambo yetu wenyewe ya ushirika yanayouchochea. Mkulima aliyeuza kahawa yake ikingali maua, kwa butura, kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno, hutazama mikahawa yake ikizaa kwa ajili ya mtu mwingine. Mkulima aliyepoteza kibanja chote kwa mnyauko wa migomba, ulioingia mkoani kwetu mwaka 2006, alipoteza chakula, akiba na heshima yake ya kumkaribisha mgeni, vyote pamoja. Malipo ya pili yakichelewa bila maelezo, sisi viongozi twasema, "Subirini." Hatujui ni nani anayesubiri katika hali gani. Sisemi deni ndilo ugonjwa. Nasema deni na aibu ni udongo mzuri wa ugonjwa huu kuota.

Na wengi huogopa hospitali kwa kuwa wanadhani atakayetaja ugonjwa wa akili atatiwa garini apelekwe Mirembe, Dodoma. Hospitali ile ina kazi yake ya heshima. Lakini mimi nilitibiwa karibu na nyumbani, nikilala kitandani mwangu, na wengi wenye sonona hutibiwa hivyo hivyo.

WENZETU WAMEFANYA NINI

Pengine mtasema waganga wa akili ni wachache, nasi tu wengi. Ni kweli. Lakini sikieni yaliyofanyika hapa jirani, ng'ambo ya Mutukula, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, kwa watu wanaolima ndizi na kahawa kama sisi. Wachunguzi walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanauitaje ugonjwa huu kwa lugha yao. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: moja lenye maana ya mtu kujichukia mwenyewe, na jingine lenye maana ya kujihurumia mwenyewe. Basi ugonjwa haukuletwa na Wazungu katika vitabu. Ulikuwa na majina yake vijijini.

Wakachagua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo wenye sonona walikusanywa katika vikundi vidogo, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana mara moja kwa juma, saa moja na nusu, kwa muda wa majuma 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa nchi ile ile waliofundishwa majuma mawili. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, na mabadiliko ya maisha yaliyowalemea, wakashauriana. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa asilimia 6.5. Katika vile visivyokuwa na vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, chini ya mti, na kuwasaidia kuzipanga taabu zao. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kazi ya mabenchi yale ilipimwa katika kliniki 24 za Harare, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba walioketi na bibi walipata nafuu kuliko wale waliopewa matibabu ya kawaida. Ndugu zangu, mabibi tunao. Mabenchi tunayo, tena nje ya kila ghala.

NINAYOYAOMBA

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano huu uyafikirie mambo matano.

Kwanza, karani wa mizani akiona mwanachama aliyezoea kuleta kahawa hakutokea mara mbili mfululizo, aiarifu kamati, na watu wawili wenye busara waende kumtazama nyumbani. Wasiende kuuliza kahawa. Waende kuuliza hali.

Pili, dawa za mashamba zote za Chama ziwekwe chini ya kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili tofauti. Na kila mwanachama aziweke zake kwenye sanduku lenye kufuli, mbali na chumba cha kulala. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini mawazo ya kujiua mara nyingi ni ya kitambo, na kizuizi kidogo humpa mtu muda wa kufikiwa na msaada. Nchi ya Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za mashamba zilizo kali kuliko nyingine, kiwango cha watu wanaojiua kilipungua kwa karibu asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015.

Tatu, kila chama cha msingi kichague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wanaojulikana kwa kutunza siri, tumwombe Mganga Mkuu wa Wilaya awafundishie, kusudi tuwe na vikundi vyetu kama vya Masaka.

Nne, katika mfuko wetu wa kusaidiana litengwe fungu la nauli ya mgonjwa na mwenzi wake mpaka hospitali. Mimi nisingefika peke yangu.

Tano, iandikwe katika kanuni zetu kwamba kiongozi au karani akiugua ugonjwa huu atahesabiwa mgonjwa, sawa na aliyevunjika mguu, wala asiondolewe kazini kabla hajatibiwa. Hesabu zikaguliwe, ndiyo, tena upesi, maana fedha ni ya wanachama. Lakini mkaguzi atangulie kabla ya masengenyo.

Nimalize kwa kusema na mtu mmoja tu katika umati huu. Simjui ni nani, lakini kwa kadiri ya wingi wetu najua yupo. Wewe uliyekuja leo kwa sababu jirani walikupitia, uliyevaa nguo safi, unayecheka wenzako wakicheka, na usiku hulali. Wewe si mvivu, wala hukulaaniwa. Wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wako una matibabu. Usingoje upate maneno mazuri ya kuueleza. Mimi sikuwa na maneno. Nilikuwa na ufunguo tu, nikampa mtu. Leo hii, kabla ya kwenda nyumbani, mshike mkono mtu mmoja unayemwamini, umwambie, "Sijambo ya uongo. Nipeleke hospitali." Na kama humwoni wa kumwambia, mimi nitakuwa kwenye benchi la nje ya ghala mpaka watu wote waondoke.

Nanyi mtakaoshikwa mkono, msitafute hekima nyingi. Mwambieni, "Kesho twende wote."

Chama Kikuu na kiishi miaka mingine mingi, na wanachama wake waishi pamoja nacho.